Meneja anatoa mzigo kwa mdomo, upungufu unakatwa kwenye mshahara wangu

SWALI

Shikamoo Mama.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mama wa watoto wawili, na kwa miaka minne sasa ninatunza stoo katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Tunauza saruji, nondo, mabati, rangi na vitu vidogo vidogo kama misumari na bawaba. Mwenye duka ni mzee anayejiheshimu, ndiye aliyeniajiri mwenyewe, na kwa miaka mitatu ya mwanzo sikuwahi kusikia akimpandishia sauti mfanyakazi yeyote. Tangu mwezi wa 10 mwaka jana miguu inamsumbua, haji dukani ila mara moja moja, na shughuli zote amemkabidhi mpwa wake, kijana wa miaka kama 28, ambaye sasa ndiye meneja wetu.

Sina kinyongo na umri wake, wala sikatai kuagizwa na mtu niliyemzidi miaka. Tatizo ni namna anavyofanya kazi. Hupiga simu akaniambia, "Toa nondo 20 za milimita 12, gari linakuja, nitaandika baadaye." Gari huja, mzigo hutoka, na hiyo baadaye haifiki. Nikimkumbusha, hukasirika na kuniuliza kama namfundisha kazi. Mara mbili amekana mbele ya mhasibu kwamba hakuniagiza kitu.

Katikati ya mwezi wa kwanza tulihesabu stoki ukaonekana upungufu wa Sh 360,000. Nakiri kwamba karatasi ya hesabu niliisaini jioni nikiwa na haraka ya kuwahi watoto, bila kuhesabu upya nondo na rangi. Tarehe 28 Januari nilipopokea mshahara, ambao ni Sh 450,000, nilikuta umekatwa Sh 180,000. Mwezi wa pili nao umekatwa kiasi hicho hicho. Sikuonyeshwa mchanganuo wowote, wala sikusaini popote kukubali kukatwa. Nilipouliza, alijibu kwamba mtunza stoo ndiye anayejua mali ilikokwenda.

Zaidi ya hayo, ananitukana mbele ya mafundi na wateja. Wiki iliyopita mteja alipewa mabati ya geji isiyo yake, kosa ambalo lilianzia kwenye ankara na si stoo, lakini meneja alikuja akaniuliza kwa sauti ya juu kama shule nilikwenda kula uji tu. Mafundi walicheka. Usiku saa nne hutuma ujumbe kwenye kundi letu la WhatsApp, akitaja jina langu, na wenzangu wote husoma na kunyamaza. Siku za Jumatatu hadi Ijumaa ninaingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na mbili jioni, nikiwa na saa moja ya chakula, na Jumamosi ninatoka saa saba mchana. Siku hizi hata usingizi sipati vizuri.

Mume wangu ni dereva wa bodaboda. Anasema niache kazi kesho, niweke funguo mezani na kuondoka, tutajua cha kufanya. Mama yangu mzazi anasema nivumilie kwa kuwa kazi hazipatikani na mzee siku moja atarudi. Leo ni tarehe 4 Machi na sijui nimsikilize nani. Je, nimwendee mzee na kumshtaki mpwa wake kwake?

Mtunza Stoo, Mwanza

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako ina mambo mawili uliyoyafunga katika mzigo mmoja, nami nitakuomba tuufungue. Lipo la mdomo wa meneja wako na lipo la daftari lake. La mdomo ndilo linalokunyima usingizi. La daftari ndilo linaloweza kukupeleka kituo cha polisi, na bahati nzuri ndilo unaloweza kuanza kulirekebisha kesho asubuhi bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa hiyo tuanze na daftari.

Nitakuambia jambo ambalo huenda halitakufurahisha. Umekosea mahali pawili. Umetoa mzigo bila hati, na umesaini hesabu ambayo hukuihesabu. Sisemi kwamba makosa hayo yanampa meneja haki ya kukukata mshahara, na nitalifikia hilo, lakini katika kazi ya stoo saini yako ndiyo kazi yenyewe. Mwenye kuagiza kwa simu hana karatasi inayomdai. Anayefungua mlango ndiye anayeonekana kwenye kadi ya stoo. Siku mambo yakiharibika, hakuna atakayeuliza nani alipiga simu; watauliza funguo zilikuwa kwa nani.

Nunua leo daftari la kutolea mzigo lenye nakala za kaboni, ikiwa lililopo dukani halitumiki. Kila kitakachotoka, hata boksi moja la misumari, andika aliyeagiza, idadi, saa, namba ya gari na jina la aliyechukua, kisha dereva asaini kabla hajawasha gari. Meneja akisema ataandika baadaye, usimjibu kwa lugha ya kumtilia shaka, kwa maana mtu mwenye hasira akihisi anachunguzwa ataongeza hasira. Mwambie, "Sawa, Meneja, naomba dereva anisainie hapa nisije nikasahau idadi." Lawama ya kusahau umejitwika wewe mwenyewe, yeye hajavunjiwa heshima, na saini umeipata. Mara mzigo ukitoka, mtumie ujumbe mfupi katika simu yake, na si katika kundi: "Habari za mchana, Meneja. Kama ulivyoagiza saa nane, nimetoa nondo 20 za milimita 12, dereva amesaini. Nasubiri hati ya mauzo." Basi. Usiongeze malalamiko wala kumkumbusha ya mwezi uliopita. Akijibu "sawa", umepata ushahidi wa agizo. Asipojibu, ujumbe wenye tarehe na saa umebaki, na hataweza kukana mbele ya mhasibu kwa wepesi aliouzoea. Ikitokea anataka gari zima la saruji litoke bila hati yoyote na dereva naye anakataa kusaini, hapo simamisha mzigo na mpigie mzee mwenyewe kabla geti halijafunguliwa. Ndiyo, atakasirika. Lakini hasira ya siku moja utaihimili. Deni la mifuko mia kadhaa ya saruji hutaliweza.

Jambo jingine, muombe mhasibu mhesabu pamoja kila Jumamosi vile vitu vinavyotoka kwa wingi, yaani saruji, nondo na mabati, navyo tu. Hesabu ya mwezi mzima hukusanya makosa ya watu wanne katika karatasi moja, na ikifika mwisho hakuna anayekumbuka mfuko uliochanika ulikwenda wapi.

Sasa tuje kwenye fedha zako. Tanzania Bara tuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, na kifungu chake cha 28 kinazungumzia makato ya mshahara kana kwamba kiliandikwa kwa ajili ya watunza stoo. Mwajiri haruhusiwi kukata mshahara wa mfanyakazi ili kufidia hasara isipokuwa mfanyakazi amekubali deni hilo kwa maandishi. Na hata akikubali, yapo masharti: hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi, mwajiri awe ameeleza kwa maandishi chanzo cha deni, kiasi chake na namna kilivyopatikana, mfanyakazi awe amepewa nafasi ya kutosha ya kuyapinga hayo, deni lisizidi hasara halisi, na makato yote kwa pamoja yasizidi robo ya mshahara wa fedha. Robo ya Sh 450,000 ni Sh 112,500. Wewe umekatwa Sh 180,000 mara mbili, bila maandishi, bila mchanganuo, bila kusikilizwa. Kwa maelezo yako, hata kama upungufu wote ungekuwa wa mkono wako, namna ulivyokatwa si halali. Ile saini yako ya haraka ilikuwa inathibitisha idadi ya vitu vilivyokutwa stoo, na kukubali idadi si kukubali deni. Asije mtu akakuchanganyia mambo hayo mawili.

Kuhusu saa za kazi nitapita haraka. Kwa ratiba uliyonieleza unafanya saa tisa kwa siku tano na saa tano Jumamosi, jumla saa 50, wakati kiwango cha kawaida cha wiki ni saa 45. Saa tano zinazozidi zinapaswa kulipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida ya saa. Liandike pembeni, lakini usiende kwa mzee ukiwa na madai kumi. Nenda na moja lililo wazi.

Umeuliza kama umwendee mzee kumshtaki mpwa wake. Mwendee, ila usimshtaki. Mjomba hawezi kumsikiliza mtu baki anayemsema vibaya mwana wa dada yake, hata kama moyoni anajua unasema kweli. Ataona aibu ya ukoo kwanza, na stoo itakuwa jambo la pili. Nenda nyumbani kwake mchana, mjulie hali ya miguu, kisha mpelekee karatasi moja ambayo umeiandika kwa mkono wako: tarehe, mzigo uliotoka bila hati, kiasi, na makato ya Januari na Februari. Mwombe mhasibu mfuatane ikiwa yuko tayari, maana yeye alikuwapo meneja alipokana. Sema, "Baba, mzigo huu umetoka na hati zake sijaziona, nami nakatwa mshahara bila kuonyeshwa hesabu, naomba tukae tuhesabu upya." Neno wizi lisitoke kinywani mwako, wala lisitoke kwa mhasibu. Hujui mzigo ulikwenda wapi. Inawezekana kijana anawakopesha wateja wake na fedha anazirudisha kwa njia zake, inawezekana hajui tu kazi. Ukisema ameiba na ukashindwa kuthibitisha, wewe ndiwe utakayekuwa mshtakiwa.

Nami nitamtetea huyo kijana kidogo, unisamehe. Amekabidhiwa duka la mjomba wake akiwa na miaka 28, anaongoza watu waliomtangulia kazini, na kila mwezi anaulizwa stoki imepungua kwa nini. Mtu asiyejua jibu mara nyingi hupandisha sauti. Hilo halimpi ruhusa ya kukutukana, ila linaeleza kwa nini daftari lililonyooka linaweza kumtuliza kuliko malumbano. Ukimpa jibu la swali analoulizwa na mjomba wake, huenda akaacha kulitafuta kwako kwa kelele.

Kuhusu matusi mbele ya wateja, watu wengi watakushauri unyamaze. Mimi siafiki kunyamaza kabisa. Ukinyamaza kila mara, mafundi wataamini kwamba yanayosemwa ni ya kweli, na yeye ataamini kwamba hayakuumizi. Wala sikushauri umjibu kwa kipimo chake, kwani siku utakayomtukana mbele ya wateja utakuwa umempa sababu ya kukuandikia barua ya onyo, tena kwa haki. Jibu kwa sauti ya kawaida, sentensi moja: "Meneja, naomba tuzungumze ofisini nimalize kumhudumia mteja huyu." Ukishaisema, endelea na kazi. Halafu kweli mfuate ofisini baada ya mteja kuondoka, asije akadhani yalikuwa maneno ya kujikinga tu, umweleze kosa la geji lilianzia wapi na umwambie wazi kwamba kukosolewa unakubali, kudhalilishwa mbele ya watu hukubali. Ujumbe wa saa nne usiku katika kundi usiujibu usiku. Jibu asubuhi, kwake binafsi, na uuhifadhi. Usiufute hata kama unakuuma kuuona.

Sasa ushauri wa mume wako. Namwelewa; mwanamume anayemwona mke wake hapati usingizi atataka kitu kiishe. Lakini kuweka funguo mezani na kuondoka ndiyo hatua mbaya kuliko zote unazoweza kuchukua. Wewe unalipwa kwa mwezi, na notisi ya kuvunja mkataba kwa mtu kama wewe kisheria haipungui siku 28, kwa maandishi. Zaidi ya hapo, mtunza stoo anayeondoka bila makabidhiano ameacha nyuma yake mlango wazi: kila kitakachopungua kuanzia jioni hiyo kitaandikwa jina lake, na kutokuwapo kwake kutachukuliwa kuwa amekimbia. Siku utakayoamua kuondoka, toa notisi, dai hesabu ya stoki nzima, mhesabu ninyi wawili pamoja na atakayepokea, wote msaini, na nakala moja iende nyumbani kwako. Kabla ya siku hiyo pitia NSSF uone kama michango yako inafika, na ukiondoka udai cheti chako cha utumishi, ambacho ni haki yako hata kama hamwachani kwa wema. Ujue pia kwamba anayejiuzulu kwa hiari hapati yale malipo ya kuachishwa kazi yanayohesabiwa kwa siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka aliofanya kazi.

Ipo hali ambayo sheria hiyo hiyo humhesabu mtu aliyejiuzulu kuwa ameachishwa na mwajiri, nayo ni pale mwajiri alipofanya kazi isivumilike. Naitaja kwa sababu utaambiwa habari zake na watu mtaani, na watakueleza kana kwamba ni jambo rahisi. Si rahisi. Utatakiwa kuonyesha kwamba ulilalamika ndani kwanza kwa njia zilizokuwapo, isipokuwa ulikuwa na sababu nzuri ya kutofanya hivyo. Nawe mpaka leo hujamwambia mzee neno lolote. Hiyo ni sababu nyingine ya kwenda kwake kabla ya kufikiria funguo.

Mama yako naye anakuambia uvumilie, na bila shaka amekukumbusha kwamba mvumilivu hula mbivu. Mbivu zenyewe, mwanangu, zinakatwa Sh 180,000 kila mwezi. Kaa kazini, ndiyo, kwa sababu watoto wanakula na kazi ya miaka minne haitupwi kwa hasira. Lakini ukae ukiandika, na huku ukiulizia nafasi kwingine kimyakimya. Mtunza stoo mwenye daftari safi anatafutwa Mwanza nzima. Ukiweza, jiunge na chama cha wafanyakazi. Sekta yako ya biashara inahudumiwa na TUICO, na kiongozi wa chama akiuliza swali, huulizwa kwa namna ambayo meneja hawezi kuipandishia sauti.

Mzee akikataa kukusikiliza, au akikusikiliza na mshahara wa Machi ukaja umekatwa, usiendelee kubembeleza. Nenda kwa afisa kazi wa mkoa kwa maelekezo, na upeleke mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo watu wengi huiita CMA, kwa kujaza fomu namba moja, CMA F1. Huanzia kwa msuluhishi ambaye huwakalisha pande zote mbili mzungumze, na mashauri mengi ya makato yanafaa kumalizikia hapo hapo, kwa sababu hesabu ikiwekwa mezani haina mengi ya kubishaniwa. Meneja akikufukuza kwa sababu umedai haki yako, huo ni mgogoro mwingine, na muda wa kuupeleka CMA ni siku 30 tu tangu siku ya kuachishwa.

Kwa madai ya makato muda ni siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Ulikatwa mara ya kwanza tarehe 28 Januari, hivyo siku zako za makato hayo zinaishia mwishoni mwa mwezi huu wa Machi. Ukichelewa itakubidi kwanza uombe kuongezewa muda na ueleze sababu za kuchelewa. Nenda kwa mzee wiki hii. Mpe mpaka tarehe 15, na barua utakayomwachia iandike nakala mbili, moja aisaini kwamba ameipokea.